Chengachenga ya Chumvi

Nilikaa mkabala na Mama Vipimo miaka tisa, cherehani yangu ikitazamana na yake, katika chumba cha kushonea cha hospitali. Chumba chenyewe kilikuwa chini kabisa ya jengo, ukuta mmoja na dobi, na mvuke wa pasi zao ulikuwa ukipenya chini ya mlango hadi vioo vya dirisha vinatoka jasho. Kazi yetu ilikuwa kutia viraka mashuka, kushona magauni ya wagonjwa, na kurudishia kamba za yale mavazi ya kijani ya chumba cha upasuaji, maana madaktari wetu walikuwa na mikono laini kwa watu, lakini kamba walizivuta kama wanafunga ng'ombe.

Jina la Mama Vipimo tulimpa sisi wenzake. Tepu ya kupimia haikumtoka shingoni hata wakati wa chai. Ukimwambia, "Dada, hili shuka limepungua kidogo," anakuuliza, "Kidogo ndiyo ngapi?" Alikuwa mtu wa haki. Hasengenyi, hachelewi, na mshono wako ukienda upande anaufumua na kuushona upya bila kukutangaza. Lakini alikuwa na msemo wake mmoja, kwamba kipimo hakina undugu, na msemo huo hakuuacha kazini jioni ilipofika. Aliurudisha nyumbani pamoja na mkoba wake.

Kila Ijumaa alituletea chengachenga. Vitabuni ina jina lake, ila kwake iliitwa hivyo na sisi tukaiita hivyo. Ni matunda yaliyokatwakatwa na kutandazwa kwenye bakuli la kuokea, kisha yakafunikwa kwa unga uliosuguliwa na siagi na sukari mpaka ukawa chenga, halafu vyote vikaingia kwenye oveni. Chini matunda yanalainika na kutoa rojo lenye ukakasi, juu chenga zinakauka na kuwa na rangi ya mkate uliochomwa vizuri. Alijifunza kwa mpishi wa shule ya bweni aliyosoma, ambako waliipata siku ya kufunga muhula tu. Akaiboresha kwa miaka mingi, na mtaani kwao ikawa ndiyo sifa yake. Harusi ikipita, mtoto akizaliwa, mtu akihama, watu walitazama mlango wa Mama Vipimo.

"Unga vikombe viwili," alinifundisha siku moja, huku anakata uzi kwa meno. "Siagi kikombe kimoja, iwe baridi. Sukari nusu. Unasugua kwa ncha za vidole. Kiganja kisiguse, kiganja kina joto, kitakupa donge. Ukiona imefanana na changarawe, acha. Usijitie ufundi."

"Na nikitaka kuongeza mdalasini?"

"Ongeza kwako," akasema. "Hiyo itakuwa yako, si yangu."

Nilicheka. Sikujua wakati ule kwamba neno kama hilo liliwahi kumgharimu.

Haya ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho, mengine aliniambia mwenyewe kwa vipande vipande tukiwa tunashona, na mengine niliyapata kwa binti yake, siku aliyokuja kumchukua mama yake kazini akamkosa, tukakaa kwenye benchi tukamngojea.

Mumewe sikumkuta. Alikuwa kinyozi, mwenye kibanda cha viti viwili, kimoja cha wanaonyolewa na kingine cha waliokuja kupiga soga tu. Wanasema hicho cha pili ndicho kilichochakaa mapema. Mtu akilalamika kwamba amenyolewa vibaya, Kinyozi alimwambia, "Tulia, ndugu yangu. Nywele ni za kwako, zitarudi kwa mwenyewe." Alikuwa mwembamba, mcheshi, na alipenda sukari kama nyuki. Chai vijiko vinne. Na chengachenga ya mkewe alikuwa akiila moja kwa moja kutoka bakulini, amesimama, akimpa mkewe mgongo ili asimwone amechota upande gani.

Binti yao wa pekee alipokuwa na miaka kumi na moja, Kinyozi akaanza kupata kiu isiyoisha na macho yake yakaingia ukungu. Kliniki wakamwambia ni kisukari. Akarudi nyumbani na karatasi iliyopigwa chapa, yenye safu mbili: kushoto vyakula vilivyokatazwa, kulia vilivyoruhusiwa. Mama Vipimo akaibandika kwenye mlango wa kabati la jikoni, kila pembe utepe wa gundi, akaisimamia kama sheria ya serikali.

Hapo ndipo majuto yake yanapoanzia, ukimsikiliza mwenyewe. "Mimi nilisoma safu ya kushoto tu," aliniambia. "Nilivyoiona nikaona kazi yangu ni kukataza. Nikakataza barabara."

Sukari ikatoka mezani. Soda ikatoka. Lakini Jumapili hazikubadilika, kwa sababu wageni walizoea, na yeye mwenyewe alizoea kusifiwa. Chengachenga ilitolewa ikiwa bado inachemka pembeni, wote wakapewa bakuli, na Kinyozi akawekewa kisahani cha matango yaliyokatwa. Mara za kwanza alifanya mzaha. "Mimi leo ni shahidi," aliwaambia wageni. "Kuleni, nikiulizwa nitasema kweli." Watu walicheka. Baada ya miezi kadhaa mzaha ukamwishia. Bakuli likitoka jikoni, yeye anakumbuka kwamba ana jambo nje: mara kuitazama baiskeli, mara kumwagilia miche ya pilipili. Anakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma hadi asikie vijiko vimenyamaza.

Mama Vipimo alimwona. Alidhani ni sawa tu, mgonjwa anajiepusha na kishawishi. Binti naye alimwona, na yeye hakudhani hivyo.

Shangazi wa binti, yaani dada yake Kinyozi, aliishi mitaa miwili mbele. Alikuwa mjane, mcheshi kama kaka yake, na jiko lake halikuwa na sheria. Binti akaanza kwenda kwake kila Jumatano baada ya shule. Nyumbani alisema anakwenda kusaidiwa hesabu, na kwa namna fulani hakudanganya. Alikuwa ameinakili ile karatasi ya kabatini kwenye daftari lake, safu ya kulia: nyanya, biringanya, vitunguu, maharage machanga, jibini kidogo, unga usiokobolewa kidogo, oti. Akajiuliza, kama chengachenga ni chenga juu ya kitu kinachotoa rojo, kwa nini kitu hicho kiwe tunda? Kwa nini kisiwe kitunguu?

Jumatano ya kwanza nyanya zilitoa maji, ikawa supu yenye mchanga. Jumatano ya pili chumvi ilizidi, shangazi akanywa maji bilauri tatu akasema, "Mwanangu, hii tumpe mtu tunayemdai." Jumatano ya tatu ikakaa sawa. Shangazi alimaliza sahani, akakwangua na pembeni, kisha akafungua kabati akampa kipande cha jibini kilichobaki, kimefungwa kwa karatasi ya nta. "Hiki nenda nacho. Jumamosi mfanyie baba yako. Usimwambie mtu, mshtue."

Jumamosi hiyo Mama Vipimo alikuwa zamu ya asubuhi. Kulikuwa na ugeni mkubwa kesho yake. Kaka mkubwa wa Kinyozi na mkewe walikuwa wanakuja kutoka mbali, mara ya kwanza baada ya miaka sita ya kununiana kwa jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka vizuri. Mama Vipimo alikuwa ameweka siagi chini kabisa ya friji kwa ajili ya mabakuli mawili ya chengachenga, na kazini siku ile walikuwa wamemrudishia mashuka arobaini kwa kosa ambalo halikuwa lake. Alifika nyumbani saa nane miguu imevimba.

Akakuta unga sakafuni, maganda ya vitunguu kwenye sinki, karatasi ya siagi tupu mezani, na binti yake amepiga magoti mbele ya oveni, uso umewiva kwa joto, anachungulia kwenye kioo.

"Nani kakuruhusu?" akauliza.

"Shikamoo, Mama. Ngoja kidogo tu, dakika tano..."

"Nimekuuliza nani kakuruhusu kugusa siagi yangu."

Binti akasimama. "Mama, ngoja nikuambie..."

"Usiniambie kitu. Fungua hiyo oveni."

Binti akaitoa. Bakuli lilikuwa lilelile la Jumapili. Chenga zilikuwa zimeiva rangi nzuri, na kupitia nyufa zake kulikuwa na wekundu wa nyanya unaochemka. Mama Vipimo akainama, akanusa, akaona kitunguu.

"Chengachenga ya vitunguu?" akasema. "Unanichezea? Kesho nina wageni, wewe unachukua kitu changu unakifanya mzaha?"

"Si mzaha, Mama."

"Basi ni nini?"

Hapo, binti aliniambia kwenye lile benchi, hapo alikuwa na nafasi ya kusema. Sentensi moja ingetosha: ni ya Baba. Lakini shangazi alikuwa amemwambia asimwambie mtu, na yeye alikuwa na miaka kumi na miwili. Akatazama unga uliomwagika sakafuni. Na mama yake, ambaye kwa shuka lililokosewa alikuwa na subira ya kufumua mshono mzima, siku hiyo subira ilimkimbia. Akakunja taulo mara mbili, akalibeba lile bakuli hadi kwenye ndoo ya taka, akalikung'uta. Chakula kilianguka chote kwa pamoja, mvuke ukapanda.

Hakuwa hata amesimama wima wakati Kinyozi alipoingia kwa mlango wa nyuma, ametoka kazini, nywele za watu zimemganda kwenye mikono ya shati. Akasimama kizingitini na kunusa hewa, kichwa juu.

"Leo kuna nini humu?" akasema. "Nimeanza kuisikia harufu tangu getini. Mate yananidondoka kama mtoto."

Mama Vipimo akasema, "Hakuna kitu. Mwanao kaunguza."

Kinyozi akamtazama binti yake. Na binti, badala ya kulia, badala ya kumshtaki mama yake, akasema polepole, "Nimeunguza, Baba."

"Aa, usijali," Kinyozi akasema, akampapasa kichwani. "Mimi wateja wangu wa kwanza niliwatoa damu. Utajaribu tena."

Hakujaribu tena. Siagi nyingine ilipatikana kwa jirani, wageni walikuja, ndugu wawili wakakumbatiana, chengachenga ya mananasi ikasifiwa hadi jioni, na Kinyozi akaenda kumwagilia pilipili.

Miezi mitano baadaye alijikwaruza mguu kwenye kanyagio la baiskeli. Kidonda kidogo, cha mtu mwingine kingepona kwa wiki. Lakini yeye, anayesimama kutwa akinyoa, na mwenye kisukari, hakumwambia mtu mpaka kikaanza kunuka. Alilazwa hospitali ileile, ghorofa tatu juu ya cherehani ya mkewe, kwenye mashuka aliyoyapiga pindo yeye mwenyewe. Walimkata vidole, kisha wakazungumza juu ya kukata mguu, kisha homa ikapanda na hawakukata tena chochote. Mama Vipimo alirudi kazini baada ya siku kumi, tepu shingoni.

Binti alikua. Alisoma vizuri, akapata kazi katika ofisi ya ramani kwenye mji mwingine, akawa mtu mzima mpole, mwenye staha, anayepiga simu kila Jumapili saa kumi na kuja nyumbani kila baada ya miezi miwili. Alikuja na mkate wa dukani na matunda. Alikaa sebuleni. Jikoni aliingia kuosha vyombo tu, na wakati wa chengachenga alikula vijiko viwili, akasema asante. Kupika hakupika, si kwa mama yake wala, tulivyosikia, kwake mwenyewe.

"Wangu huyu jikoni ni mgeni rasmi," Mama Vipimo alikuwa akituambia kwa mzaha. "Namwalika, anafungua mkutano, anaondoka." Tulicheka naye. Nadhani alikuwa ameshaisahau ile Jumamosi. Au aliikumbuka kama mtu anavyokumbuka siagi iliyopotea.

Ilikuwa miaka kumi na minne tangu siku hiyo, nami nikiwa na mwaka wa sita pale kazini, Ijumaa asubuhi, wifi yake, yule shangazi wa binti, aliposhuka chumbani kwetu. Alikuwa amekuja kupimwa macho, wakamtia dawa ya kupanua mboni, akashindwa kuona njia, akasema afadhali angojee kwa wifi yake. Tukampa kiti. Tukampa bakuli la chengachenga ya matufaha na kijiko mkononi, maana alikuwa anapapasa.

Akala, akasifu. Halafu akasema, "Na ile ya chumvi, siku hizi hamtengenezi?"

"Ya chumvi ipi, wifi?" Mama Vipimo akauliza. Alikuwa anashona mkono wa gauni la upasuaji, macho kwenye sindano.

"Ile ya mwanao! Aliyomtengenezea marehemu kaka yangu." Akacheka. "Jamani, mtoto yule! Wiki tatu alikuja kwangu kujaribu, aliniharibia nyanya zangu zote. Alikuwa na karatasi yake ya hospitali kaiandika daftarini. Akaniambia, 'Shangazi, Baba anakaa nje peke yake wakati sisi tunakula. Nataka naye awe na ya kwake.' Mimi ndiye niliyempa jibini. Kaka aliila? Sikuwahi kumwuliza. Nilijua ni siri ya watu wawili, nikasema nisiwaingilie, halafu akaumwa, halafu mambo yakawa yale."

Cherehani ya Mama Vipimo haikusimama. Ilienda, ikaenda, ikapita mwisho wa mshono, na mimi niliyekuwa mbele yake nikaona anaufunga ule mkono wa gauni kabisa, mdomo wa juu kwa mdomo wa chini, mkono ambao hakuna daktari angeweza kuupenya.

"Aliila," akasema. "Aliisifu sana."

"Alhamdulillahi," wifi yake akasema, akatafuta mkono wake hewani hadi akaupata, akaushika. "Unajua limenikaa moyoni miaka yote? Leo umenitua mzigo."

Wifi alipoondoka, macho yamerudi, Mama Vipimo akaniambia nimsogezee kifumulio. Akakaa akifumua ule mkono uzi kwa uzi hadi saa ya kutoka. Wenzetu walipokwisha kutoka ndipo akaniambia yote, bakuli na ndoo na mume kizingitini, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. Mwishoni akasema, "Na leo nimeongeza uongo. Ule wa kwanza niliusema kwa hasira. Huu sijui niliusema kwa nini."

Nikamshikia mkoba wake, tukapanda ngazi pamoja.

Kuanzia wiki ile akaanza kuitafuta ile chengachenga ya chumvi. Alinunua biringanya, nyanya, vitunguu, jibini, akawa anapika Jumamosi na kuniita kuonja. Mwanamke ambaye alipima kila kitu maisha yake yote alisimama jikoni mwake hajui kipimo hata kimoja. Ya kwanza ilitoa maji. Ya pili ilikuwa ngumu kama tofali. Ya tatu ililika, nikamwambia ni tamu, akanitazama kwa hasira. "Sikuuliza kama ni tamu. Nauliza kama ndiyo yenyewe."

"Nitajuaje, dada? Hakuna aliyeionja."

Akaweka kijiko chini. Nikatamani kujing'ata ulimi.

Kumwuliza wifi hakuweza, kwa sababu ya uongo wake. Ikabaki mtu mmoja. Miezi miwili ilipotimia, binti akaja kama kawaida, na mkate wake. Mama yake akamngojea avue viatu, akamwita jikoni, akamkalisha kwenye kigoda, yeye akabaki amesimama. Alikuwa amejiandaa siku nyingi nini cha kusema, akasahau yote.

"Ile siku," akasema. "Ile ya vitunguu. Nimejua ilikuwa ya nani."

"Najua umejua, Mama," binti akajibu. "Shangazi alinipigia simu wiki ileile. Alifurahi sana. Aliniambia, 'Kumbe baba yako aliila na akaisifu, na wewe hukuniambia!'"

Mama Vipimo alishika pembe ya meza. "Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ndiyo, Shangazi, aliila. Ningesema nini? Ningesema mama yangu anadanganya?"

Mara ya pili, basi, mtoto alikuwa amejitwika uongo wa mama yake, na mara hii bila hata kuombwa kwa macho. Mama Vipimo aliniambia kwamba katika mambo yote hilo ndilo lililomwangusha. Alikaa chini sakafuni, mtu wa umri wake, mgongo kwenye kabati, akalia kwa kwikwi. Binti akashuka kwenye kigoda akakaa naye, bega kwa bega.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nilikusamehe zamani. Ulikuwa umechoka. Hata siku ile niliona miguu yako."

"Basi nipikie. Mara moja tu. Nionyeshe ulivyofanya."

Binti akatikisa kichwa. "Siikumbuki, Mama," akasema. "Nilikuwa mtoto. Daftari lile lilikwisha, likatupwa. Nakumbuka nilikwangua jibini na mkono ukanichubuka. Basi. Na hata kama ningekumbuka, humu ndani mkono wangu unakataa. Si hasira. Nikishika unga naanza kusikia viatu vyako mlangoni."

Akaongeza, bila kupandisha sauti, "Kinachoniuma si ile ndoo. Kinachoniuma ni kwamba Baba alikufa akijua niliunguza. Ni kitu kidogo sana, najua. Alikuwa na mengine makubwa ya kufikiria. Lakini pale kitandani aliniambia, 'Ukikua, usiache kujaribu kupika,' akawa ananitania. Na mimi nikamwambia sawa, Baba."

Mama Vipimo hilo hakuwahi kulisikia. Wakati wanaongea hayo yeye alikuwa ghorofa tatu chini, anapiga pindo.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa wifi yake kwa miguu, mitaa miwili ile, akamweleza ukweli. Nilimsindikiza hadi mlangoni, sikuingia. Wifi alimsikiliza hadi mwisho. Hakumtukana. Alisema, "Kwa hiyo kaka yangu hakuonja," akainuka, akaenda kuanua nguo zake kambani ingawa zilikuwa bado mbichi, na hakurudi ndani mpaka mgeni wake alipoaga. Walikaa karibu mwaka bila kutembeleana. Baadaye walianza tena kuamkiana, na kwenye misiba na harusi wanakaa karibu, lakini ule utani wao wa mawifi haukurudi kama ulivyokuwa.

Siku moja katika kipindi hicho cha kuanza kuamkiana, wifi alimtumia ujumbe kwa mpita njia: mtoto alikuwa akizikausha nyanya kwanza kwenye oveni, na kwenye chenga alichanganya mkate mkavu uliosagwa. Ndilo alilolikumbuka, na hakusema zaidi. Mama Vipimo akafanya hivyo. Ikatoka kavu vizuri, chenga zinavunjika mdomoni, jibini halikuzidi. Akaileta kazini Ijumaa, mabakuli mawili, ya sukari na ya chumvi. Kulikuwa na mwenzetu mmoja mwenye kisukari, mpiga mihuri wa mashuka, ambaye miaka yote Ijumaa alikuwa akitoka nje kuvuta hewa. Siku hiyo alikula sahani mbili. Mama Vipimo alimtazama hadi alipomaliza, halafu akaenda chooni, akakaa huko muda mrefu kuliko kawaida.

Amestaafu sasa. Macho yamechoka na mguu mmoja unamsumbua. Binti bado anakuja kila baada ya miezi miwili, na bado hapiki. Lakini wamepata utaratibu mwingine: akifika tu wanatoka, wanatembea polepole hadi kwenye mgahawa mdogo karibu na posta, wanaagiza chai na chochote kilichopo siku hiyo, wanakaa hapo saa mbili tatu. Niliwakuta juzi. Binti alikuwa anamwonyesha mama yake ramani ya mtaa mpya kwenye simu, na Mama Vipimo, miwani puani, anauliza barabara ile ina upana gani. Nikavuta kiti. Tuliongea habari za kazini, nani kaolewa, nani kahamishwa. Chai ilipoletwa mhudumu akauliza sukari vijiko vingapi, na mama na mwana wakajibu kwa pamoja kwamba hawatumii.